Kompyuta ya Maksai Wawili

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Si kompyuta peke yake, bali pia vifaa vyote vinavyoandamana nayo, na juu yake televisheni. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Habari hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2002, usiku, nyumbani kwetu Didia, nikiwa nimepiga magoti sakafuni na bisibisi mkononi, mbele ya keesi iliyokuwa wazi kama kuku aliyepasuliwa. Aliyenipa habari ni baba mdogo. Wala hakuitoa kama somo la historia. Aliitoa kama mtu anayemkanya mtoto asichezee kisu.

"Hiyo mashine unayoichokonoa," alisema, "nchi hii iliwahi kuifungia mlango. Jiulize kwanza kwa nini, ndipo uendelee."

Nilicheka. Nilidhani ni zile hadithi zake za Dar es Salaam. Kumbe mzee alikuwa anasema kweli tupu.

Kwa asiyepajua, Didia iko kwenye barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde, pale njia inapogawanyika, moja ikaelekea Nzega na nyingine Kahama. Ni nchi ya mpunga, pamba na ng'ombe. Lakini miaka ile masikio ya vijana wote yalikuwa upande wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na kila kijana aliyemaliza shule alitaka kuandika barua ya kuomba kazi. Na barua ya mkono, tuliambiwa, haisomwi. Kwa hiyo ukitaka kuchapiwa karatasi mbili unapanda gari mpaka Shinyanga mjini, unapanga foleni, unalipa, unagundua jina la baba yako limekosewa, unalipa tena.

Hapo ndipo mimi na kaka yangu tukapata wazo. Nilikuwa nimekaa Mwanza mwaka mzima nikifanya kibarua kwenye duka moja la kompyuta. Kazi yangu hasa ilikuwa kupangusa vumbi, ila macho hayakufungwa, niliona mafundi wanavyounga. Kompyuta nzima hatukuimudu. Vipande tuliviweza. Baba aliuza maksai wawili mnadani, pesa iliyopungua akaijazia kaka kutoka kibarua chake cha mgodini, nami nikaenda Mwanza na orodha. Naomba uelewe uzito wa jambo hili. Maksai kwetu si mapambo ya zizi. Ndio jembe. Baba aliuza jembe ili mwanawe anunue kitu asichokijua hata jina, na msimu wa kulima ulikuwa unakaribia.

Nilirudi na basi, hadidiski nimeipakata mapajani ndani ya khanga ya mama, kila shimo la barabara nikiinyanyua kama mtoto mchanga. Washikaji walinipokea stendi utadhani narudi na kombe.

Sasa hebu nikurudishe kwenye swali la baba mdogo.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, ingawa kwa hakika Waingereza wenyewe hawakuiunda: ilikuwa mashine ya kampuni ya Kimarekani ya RCA, ile waliyoiita 301, ikabandikwa jina jingine. (Biashara ya kubandika majina haikuanzia Kariakoo, bwana.) Wazo lilikuwa zuri. Nchi changa, miaka michache tu tangu uhuru, makarani wachache, vitabu vya hesabu vya nchi nzima. Kwa nini mashine isisaidie? Data zilitobolewa kwenye kadi, matundu katika safu 80, kadi zikalishwa mashine, na mashine ikatema mahesabu.

Ila haikwenda hivyo. Hesabu za serikali zilizokabidhiwa mitambo zilivurugika, fedha zikapotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikabidi kurudi kwenye njia za zamani. Wataalamu wa kuiendesha na kuikarabati mitambo hiyo walikuwa wachache mno, na wengi wao wageni. Ongeza hapo kwamba kila kipuri kilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa za kuokoteza, hasa baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973. Ongeza pia kwamba tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ilikuwa imekwisha kuapa kujitegemea. Mashine ya bei mbaya, inayotegemea mgeni, isiyotoa jibu sahihi: ungeitetea vipi? Mwaka 1974 mlango ukafungwa. Aliyetaka kompyuta ilimbidi aombe kibali maalumu, na maombi yakapita kwenye kamati ya washauri huko huko Wizara ya Fedha.

Vijana wenzangu huwa wanaileta habari hii kama kichekesho: oneni wazee wetu, walikataza kompyuta! Mimi sioni kichekesho. Naona watu waliokwisha kuliwa pesa mara moja na wasiotaka kuliwa tena. Ninachokiona cha kusikitisha ni saa waliyochagua. Maana jarida moja la Kimarekani la mambo ya elektroniki lilitoa toleo la Januari 1975 likiwa na picha ya kisanduku kiitwacho Altair 8800 kwenye jalada. Kilikuwa kompyuta ya vipande, unaagiza kwa posta, unaunga mwenyewe kwa risasi ya kulehemu mezani pako. Haikuwa na kioo wala kibodi. Ilikuwa na swichi na taa tu. Mwezi Machi mwaka huo huo watu wachache wa California wakakutana kwenye gereji ya mmoja wao kuonyeshana walichounga. Mwaka 1976 kijana wa kundi hilo, Steve Wozniak, alikuwa amekwisha kubuni kompyuta iliyoitwa Apple.

Yaani sisi tulifunga mlango miezi michache tu kabla kompyuta haijatoka kwenye chumba cha wakubwa na kuingia nyumbani kwa watu. Tulichokikataza ni kile kidude kikubwa cha Wizara. Tulichokikosa ni kile kidogo cha gerejini, ambacho wakati huo hakuna aliyekijua.

Turudi Didia. Umeme nyumbani kwetu ulikuwa haujafika, tukaazima jenereta ndogo ya petroli ya jirani. Watu walijaa uani. Nilikuwa nimekwisha kufunga kila kitu: madabodi kwenye skrubu zake, prosesa kwenye soketi, grisi nyeupe kidogo juu yake, feni, vijiti viwili vya memori, hadidiski, waya zote. Kaka akavuta kamba ya jenereta, nami nikabonyeza swichi.

Pah!

Moshi mweupe ukatoka nyuma, na harufu ile ambayo fundi yeyote akiinusa moyo unamshuka tumboni. Mama alipiga yowe. Baba hakusema neno. Alisimama kitambo, halafu akaenda zizini, akakaa huko na ng'ombe waliobaki.

Kosa lilikuwa langu, na ni dogo la kutia aibu. Nyuma ya pawa saplai kuna kiswichi chekundu chenye namba mbili, 115 na 230. Cha kwetu kilikuwa kwenye 115, ambao ni umeme wa Marekani. Wetu ni 230. Nilikuwa nimeona mafundi wa Mwanza wanakitazama kila mara kabla ya kuwasha, nami nilidhani wanatazama vumbi. Kwa bahati kilichoungua ni pawa saplai peke yake. Wiki mbili baadaye kaka alileta nyingine, na mara hii nilikitazama kile kiswichi mpaka macho yakauma.

Mashine ikawaka. Kioo kikaleta maandishi meupe juu ya weusi, na hapo furaha ikaingia doa. Nilikuwa nimelipia prosesa ya Pentium III ya megahezi 800. Kioo kilisema 600.

Nilihisi baridi. Nimeibiwa! Megahezi 200 zimeliwa, sawa na mguu mzima wa maksai! Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, akasoma naye ile namba. "Mnaona?" alisema kwa upole, na upole ndio uliouma. "Mashine hizi zinasema uongo. Hata sisi zilituambia uongo."

Na hapo akasimulia. Katika miaka ile alikuwa karani wa hesabu kwenye shirika moja la umma Dar es Salaam. Mishahara ilikuwa inapitia kwenye mashine. Mwezi mmoja watu walipata pungufu, mwezi mwingine wengine hawakupata kabisa, na waliolaumiwa walikuwa makarani waliotoboa kadi. Yeye alijua kadi zake zilikuwa sahihi. Alizikagua moja moja akizishika mbele ya dirisha. "Tulitaka tuone ndani kinafanyika nini," alisema. "Lakini chumba kilikuwa na kufuli, kina kiyoyozi, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja. Sisi tuliishia dirishani." Akafungua Biblia yake, akanitolea kadi moja ya rangi ya maziwa, imechakaa kingo, ina vitundu vidogo vya mstatili. Alikuwa anaitumia kushikia ukurasa.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilifungua kijitabu cha madabodi, na kwa Kiingereza changu cha kuunga nikaanza kusoma. Kumbe prosesa haina mwendo wake yenyewe. Inapewa pigo na madabodi, kama mpiga ngoma anavyowapa wachezaji, halafu inalizidisha mara kadhaa. Yangu iliundwa kuzidisha mara 6. Pigo lake halali lilikuwa 133, na 133 mara 6 ni karibu 800. Lakini kwenye ubao kulikuwa na kijipande cha plastiki chenye chuma ndani, jampa, kidogo kuliko punje ya mchele, kikiwa kimekaa mahali pa 100. Mara 6, hizo ndizo 600 zangu. Hakuna aliyeniibia. Nilikichomoa kwa kibanio cha nyusi cha dada, nikakihamishia kwenye 133.

800! Nilikimbia uani nikipiga kelele. Baba alikuja, akatazama namba, akauliza kama sasa inalima.

Haikulima. Baada ya dakika 20 iliganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda tena. Siku mbili nilihangaika nayo. Nilisugua miguu ya memori kwa raba ya penseli, nikafunua ubavu wa keesi ili joto litoke, na kwa kuwa vumbi la Shinyanga halina adabu nikashonea kipande cha neti ya mbu pale ubavuni. Nikahamisha saa za kazi kwenda usiku kwenye ubaridi. Bado inaganda. Petroli ya watu inaisha, na mimi ni ukapa mtupu.

Aliyenipa jawabu ni baba, na mpaka leo hajui kwamba alinipa. Tulikuwa tunakula, akawa analalamika kuhusu nira. Kwa kuwa maksai wake wawili waliozoeana wameuzwa, amebaki na mmoja mwenye nguvu na dume changa lisilojua kazi. "Ukiwafunga pamoja," alisema, "mwendo ni wa yule dhaifu. Ukimlazimisha afuate mwendo wa mwenzake, analala chini, na nyote mmesimama."

Niliacha ugali. Nikaenda na tochi kutazama vile vijiti viwili vya memori. Kila kimoja kilikuwa na megabaiti 64. Kimoja kilikuwa na kibandiko kilichoandikwa PC133. Cha pili, ambacho nilikinunua kikuukuu kwa kubana matumizi, kilisema PC100.

Pigo la 133 lilikuwa linamzidi nguvu huyu wa pili. Nilipomtoa, mashine ilikwenda saa tatu kwa 800 bila kutikisika, ila kwa memori ya 64 ilikuwa kila ukifungua barua mbili inasaga hadidiski kama kinu. Nilipomrudisha na kushusha pigo hadi 100, ilikwenda 600, memori 128, na ilifungua chochote nilichotaka. Nikajaribu huku na huku jioni nzima, nikihesabu kwa saa ya mkononi muda wa kufungua Windows 98, muda wa kufungua barua, muda wa kuchapa kurasa 5. Kwa kazi yetu, 600 iliishinda 800.

"Kwa hiyo," aliuliza baba mdogo, "mmenunua 800, mnaiweza 800, na mnatumia 600 kwa hiari yenu?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Alikaa kimya kidogo. "Sisi hatukuwahi kuchagua," alisema.

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko mengi niliyosoma baadaye. Nilipokuja kupata maktaba na kusoma kuhusu 1965 na 1974, nilikuwa nikitafuta watu kama yeye: makarani, wale wa dirishani. Sijui ingekuwaje kama ufunguo wa chumba kile angekuwa nao karani mmoja mwenye kijitabu na usiku wa kutosha. Pengine mahesabu yangevurugika vile vile. Mashine za wakati huo hazikuwa rahisi, na hazikuwa na jampa la kuhamisha kwa kibanio cha nyusi. Lakini ingejulikana kosa liko wapi. Mtu anayejua kosa liko wapi hafungi mlango miaka kumi na ushee.

Mlango wenyewe haukufunguliwa siku moja kwa tarumbeta. Ulichakaa. Bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi, mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi tukamwita Mzee Ruksa, miradi ya wafadhili ikaja na kompyuta zake mezani, na kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zinauzwa dukani. Televisheni nayo ilirudi kwa mlango huo: Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ile ile ya marufuku, tena ya rangi, wakati bara tulingoja mpaka 1994 ITV ilipoanza kurusha. Na ile kanuni ya gerejini ilikuwa imekwisha kuushinda ulimwengu. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981 iliijenga kwa vipande vya kununua sokoni, wengine wakaiga, viwanda vya Taiwan vikamimina madabodi duniani. Bila hilo, kijana wa Didia asingeweza kubeba kompyuta kwenye basi vipande vipande.

Kazi ilianza. Barua za migodi, katiba za vikundi, kadi za harusi. Na usiku, petroli ikibaki, mimi niliandika hadithi zangu. Hapo nilikutana na kero ya mwisho ambayo wewe mwandishi mwenzangu utaielewa. Kila neno la Kiswahili nililoandika lilipigiwa mstari mwekundu chini. Kila neno! Ukurasa mzima ulionekana kama daftari la mtoto aliyefeli. Mashine haikujua kwamba kuna lugha hiyo. Niliizima ile mistari, nikaendelea, ila nilibaki na kinyongo. Mwaka 2004 nilisikia kwamba watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Waswidi, kwa mradi walioupa jina Kilinux, wametoa programu ya ofisi inayosema Kiswahili, Jambo OpenOffice. Mimi niliipata kwa sidi, imechelewa, imekwaruzwa. Nilipoona menyu imeandikwa "Hariri" nilimwita baba mdogo aje aone. Alisoma menyu zote toka juu mpaka chini kwa sauti, kama anayekagua kadi.

Kwamba mashine yenyewe iitwe tarakilishi au ngamizi, wataalamu wakamalizane. Baba huiita "maksai".

Mmoja tulimrudisha zizini mwaka huo huo wa 2004, kwa pesa ya barua na kadi. Wa pili bado ninadaiwa. Kompyuta ilikwisha kufa zamani, memori zake zote mbili ninazo kwenye kopo la maziwa, na kila nikifika Didia, kabla hata sijaketi, baba ananiuliza namleta lini.